Nimeziona hesabu za grupu letu. Niseme au ninyamaze?

Shikamoo Mama,

Nakusoma kila mara unapowajibu wengine, na sasa zamu ya kuandika imenifikia mimi. Naomba jina langu lisitokee, na mkoa wangu usiutaje. Nauza vitambaa kwenye duka la mtu, nina mtoto mmoja na mume anayefanya kazi mbali.

Wakati fulani nilibanwa na ada nikakopa kwenye aplikesheni ya simu. Niliomba 80,000, ikaingia 52,000, na nikatakiwa kurudisha 80,000 yote ndani ya siku saba. Nilipochelewa, meseji zilikwenda kwa watu waliomo kwenye simu yangu: mama mkwe, mchungaji, bosi wangu, hata fundi bomba aliyewahi kuja kwetu kuziba koki. Zilikuwa na picha yangu na maneno kwamba mimi ni tapeli na kwamba wao nimewaandikisha kuwa wadhamini wangu. Bosi alinionea huruma. Mama mkwe hajanirudia kama zamani.

Ndipo jirani akaniunganisha na grupu la WhatsApp la waathirika. Mama, kwa mara ya kwanza niliona si mimi peke yangu. Kulikuwa na walimu, mabodaboda, wauguzi, mama lishe, hadi askari. Grupu lilifika watu 1,024 likajaa, likafunguliwa la pili, la tatu, kisha chaneli ya Telegram. Tulifundishana mambo ya maana: usikope huku ili ulipe kule, iondolee aplikesheni ruhusa ya kuona namba zako, piga skrinishoti kila tusi, andika malalamiko Benki Kuu, nenda pale inapopakuliwa uipe nyota moja na ueleze ulivyofanyiwa. Mtu akitumiwa vitisho usiku, wenzake wanakaa naye kwa voisi mpaka apoe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipotoa orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni, ile iliyonitesa mimi ilikuwemo. Nililia dukani mbele ya wateja.

Tangu mwanzo kauli yetu ni moja: hapa hakuna kiongozi. Kiongozi hununuliwa, kiongozi hutishwa. Kila mwathirika ni msemaji. Admini kazi yake ni kufuta matangazo ya kubeti. Mimi mwenyewe ni admini kwa sababu tu nilikuwa macho usiku grupu la pili lilipofunguliwa.

Baadaye tukakubaliana tutafute wakili wa kupeleka malalamiko yetu kwa pamoja Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Watu wakachanga. Wengine elfu moja, wengine elfu mbili, wachache hamsini. Hela zilipita kwenye namba ya dada mmoja, nitamwita Dada Z. Hakuna aliyemchagua. Alijitolea namba yake kwa sababu wengi wetu laini zetu zina madeni, hela ikiingia tu inakatwa.

Kaka mmoja, nimwite Kaka W, akauliza: tumechanga kiasi gani, na zimebaki ngapi? Aliuliza kwa adabu. Akajibiwa kwamba wakili anashughulikia. Akauliza tena, watu wakaanza kumwambia ametumwa na makampuni. Usiku akatolewa kwenye grupu, na mpaka leo maadmini tunatupiana mpira kuhusu nani alimtoa. Kulipokucha alishafungua grupu lake, mamia wakamfuata, na ili kuthibitisha kwamba hela ni nyingi akaanza kuweka orodha ya waliochanga, majina kamili na namba za simu. Humo mna wanawake ambao waume zao hawakuwa wanajua kwamba waliwahi kukopa.

Sasa kilichonifanya nikuandikie. Wiki iliyopita Dada Z alinipigia analia, kisha akanitumia taarifa ya miamala yote. Ziliingia shilingi 4,870,000. Wakili amelipwa 2,000,000 na risiti ipo. Kwenye namba zimebaki 1,080,000. Zilizobaki ndizo zenye kesi. 640,000 anasema ni nauli, bando na chakula cha waliokwenda kuonana na wakili, na hana karatasi hata moja. Na 1,150,000 alimlipia mama mmoja mwalimu madeni yake kwenye aplikesheni nne. Picha za yule mama zilikuwa zimeshafika kwa mwalimu mkuu na kwenye grupu la wazazi, akawa anasema maneno ya kutisha. Dada Z anasema hakuwa na muda wa kuuliza watu elfu tatu.

Mama, kauli yetu kubwa ni kwamba asiye na leseni halipwi kwa vitisho. Watu wamevumilia matusi miezi mingi kwa kauli hiyo. Wakijua kwamba michango yao imewaendea wale wale, sijui kitatokea nini. Dada Z ameniomba nisimwambie mtu. Mama mwalimu naye hajui hela zilitoka wapi, anadhani Dada Z alimkopesha.

Nikisema, nalivunja kundi lililoniokoa, na kampuni zitashangilia. Nikinyamaza, nakuwa kama wale wanaotukata bila maelezo. Mwandishi wa habari mmoja ananipigia anataka nimweleze kuhusu ugomvi wetu. Kaka W naye amenitumia ujumbe: "Wewe najua una roho safi, niambie ukweli." Usingizi umeniisha. Nifanyeje?

Ni mimi mwanao, admini wa grupu la pili.

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia. Kwanza nikupe pole kwa yale ya mama mkwe, maana naona umeyapitia kwa sentensi moja kana kwamba ni madogo. Si madogo. Mtu aliyeaibishwa mbele ya wakwe na mchungaji kwa deni la elfu themanini ana haki ya kuwa mkali na kitu chochote kinachofanana na kufichwa hela. Hilo ulibebe unapojipima, kwa sababu sehemu ya usingizi wako kukimbia inatoka huko, haitoki kwa Dada Z.

Nikikuelewa vizuri, unaona njia mbili tu: kusema yote kwa wote, au kunyamaza kabisa. Na unaona kwamba uzito wa kuchagua umekuangukia wewe mmoja kwa kuwa wewe ndiye uliyetumiwa ile taarifa. Naomba tuanzie hapo, kwa sababu mimi sioni njia mbili, na sina hakika kwamba mzigo ni wako peke yako.

Mnasema hapa hakuna kiongozi. Naelewa mlikotoa kauli hiyo, na ina busara yake. Lakini angalia ulichoniandikia wewe mwenyewe. Kuna mtu hela za watu zinapita kwenye namba yake. Kuna mtu alikuwa na uwezo wa kumtoa Kaka W usiku. Kuna aliyempata wakili na kumpa maelekezo. Na kuna wewe, ambaye watu wawili wanaogombana wote wamekukimbilia. Uongozi mnao, mwanangu, ila haujatajwa, na kwa kuwa haujatajwa hakuna anayejua amuulize nani wala aulize lini. Hata mchezo wa akina mama wa mtaani, watu kumi na wawili wanaojuana kwa majina ya watoto, una daftari na una mtu anayejulikana kuwa ndiye mwenye daftari. Nyinyi mko elfu tatu msioonana uso kwa uso. Dada Z aliachiwa fedha na uamuzi bila daftari na bila mwenzake wa kushauriana naye. Nasema hivi si kwa ajili ya kumsafisha. Nasema kwa sababu ukimtazama yeye peke yake kuwa ndiye tatizo, akiondoka leo atakuja mwingine na namba nyingine, na mtafika hapa hapa.

Harakati za walaji zisizo na kiongozi zimewahi kufanya makubwa. Aprili 2021 hapa kwetu, vifurushi vya simu vilipopanda, hakukuwa na mwenyekiti wala mhazini wa kelele zile za mtandaoni, na bei mpya zilisitishwa. Morocco mwaka 2018, watu wasiojulikana waliita mgomo mtandaoni dhidi ya maziwa ya Danone, maji ya Sidi Ali na mafuta ya Afriquia, na nchi nzima ikaitikia. Mkuu wa Danone, Emmanuel Faber, alisafiri hadi Morocco kwenda kuwasikiliza watu, na baadaye kampuni ikashusha bei ya maziwa. Kabla ya hapo waziri mmoja, Lahcen Daoudi, aliomba kujiuzulu baada ya kuonekana kwenye maandamano ya wafanyakazi wa kampuni hiyo. Hakuna aliyeweza kununuliwa, kwa sababu hakuna aliyejulikana.

Lakini tazama na upande wa pili. Mgomo ule haukuwa na mfuko wa fedha, na kwa hiyo haukuwa na hesabu ya kudaiwa. Kampuni ilipopunguza kununua maziwa kwa asilimia 30, wafugaji walioumia hawakuwa na wa kumwendea wakamwambia, "Jamani, na sisi je?" Mnunuzi anaweza kugoma bila kiongozi, kwa kuacha tu kununua. Kuchangisha ni jambo jingine. Kenya mwaka 2024, vijana waliokuwa wakipinga Muswada wa Fedha walijivunia kutokuwa na kiongozi, na muswada ukaondolewa. Ila michango ya majeruhi na ya familia zilizofiwa ilipovuka shilingi milioni 30 za huko, maswali yalianza mara moja, na aliyeisimamia akalazimika kueleza hadharani zimekwenda wapi. Siku ile mlipotoa namba ya kuchangia, mlitoka kwenye aina moja ya harakati mkaingia aina nyingine, na nadhani hakuna aliyelisema hilo kwa sauti.

Sasa nikuulize juu ya Kaka W. Unaamini ametumwa? Katika barua yako hakuna mahali unaposema hivyo, unasema watu walisema. Kampuni zinaweza kupenyeza watu, sikatai. Ila swali la "zimebaki ngapi" ni swali la mchangaji, hata likiulizwa na mtu mwenye nia mbaya. Mkilijibu, aliyetumwa anabaki mikono mitupu. Mlipomtoa usiku mlimpa kitu ambacho hesabu yoyote isingempa, yaani sababu ya kuaminiwa.

Na bado, alichofanya baadaye kinanisikitisha kuliko hizo 640,000. Ameweka majina kamili na namba za waliochanga kwenye kundi la wakopaji. Kila aliyemo kwenye orodha ile sasa anajulikana kwamba aliwahi kukopa. Hilo ndilo walilokufanyia wewe, kwa mama mkwe na kwa fundi bomba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, ndiyo hiyo mnayoitegemea mbele ya Tume. Nanyi mna skrinishoti za vitisho, majina, pengine vitambulisho vya watu waliotoa ushuhuda. Vimehifadhiwa wapi? Nani anaweza kuvifungua? Kaka W alitoka na nini kwenye simu yake? Ningekuwa wewe, swali hili ningelipeleka kwa wakili kabla ya lile la hela, kwa kuwa hela iliyopotea huweza kurudishwa, namba ya mtu ikishasambaa imesambaa.

Nimelileta hili kwa sababu linagusa shaka yako kubwa. Unaogopa kwamba uwazi utamuumiza mama mwalimu, na unaogopa kwamba kumlinda mama mwalimu ni kuficha. Vitenganishe. Wachangaji wana haki ya kujua kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilitoka, kwa kazi gani, na nani aliamua. Hawana haki ya kujua ni mwalimu wa shule gani, ana madeni mangapi, na mwalimu mkuu alimwambia nini. "Shilingi 1,150,000 zilitumika kumsaidia mwanachama aliyekuwa katika hatari, uamuzi ulifanywa na mtu mmoja bila kuwauliza wengine." Sentensi hiyo ni ya kweli na haina jina la mtu. Hata hivyo sitakudanganya kwamba ni salama. Watu watauliza ni nani, watakisia, na katika kundi la waliokwisha aibishwa kukisia kuna ukatili wake. Tena mtu makini atauliza msaada huo ulikuwa wa namna gani, na hapo itabidi muamue kama mnasema kwamba hela zililipa deni. Kuacha hilo nje ya maelezo kunaweza kuonekana baadaye kama uongo wa pili.

Juu ya kauli yenu kwamba asiye na leseni halipwi kwa vitisho, mimi naona Dada Z alikutana na jambo ambalo kauli haikulitazamia. Ulisema mwalimu alikuwa anasema maneno ya kutisha. Mtu akiwa hapo, wapo watakaosema mlipie kwanza, ya kauli tutaongea kesho. Wapo watakaosema hapana, ukimlipia mmoja unawafundisha wakopeshaji kwamba vitisho vinalipa, na wale waliovumilia miezi umewasaliti. Pande zote mbili zina watu waungwana. Hili ndilo lilistahili kujadiliwa na wenye michango, na bado linaweza kujadiliwa, hata bila kutaja mtu: je, mfuko wetu unaweza kutumika kumwokoa aliye hatarini, na kwa kiwango gani? Nashuku utashangaa wangapi watasema ndiyo. Ninaweza pia kuwa nimekosea, na wewe unawajua kuliko mimi. Kwa mama mwalimu mwenyewe, mtu wa kukaa karibu naye anahitajika bado. Deni kuisha si lazima kuwe ndiyo mwisho wa yale maneno aliyokuwa akiyasema, na katika barua yako sijaona ni nani anamjulia hali sasa.

Tuje kwenye unachoweza kufanya.

Unaweza kurudi kwa Dada Z kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuomba siri, lakini mtu anayetaka kuficha kweli kweli hatumi taarifa ya miamala yote, pamoja na ile inayomuumiza. Huenda alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kusema. Unaweza kumwambia: "Dada, siwezi kuibeba hii peke yangu, na sitaki uisikie kwa mwingine. Tuitoe pamoja, maneno uandike wewe." Na umwambie wazi kwamba siri hiyo hukumwahidi bila mwisho. Hatari yake ni kwamba anaweza kuogopa, akafunga laini, akakutangaza kuwa umegeuka. Mambo yakifika hapo utakuwa umempoteza rafiki na bado hesabu hazijatoka. Usiende kwake ukiwa na hasira, na usiende na watu.

Unaweza kuomba watu wawili au watatu, mmoja wao awe anayeaminiwa na upande wa Kaka W, wazione hesabu kwanza bila kuzisambaza, kisha watoe maelezo mafupi kwa makundi yote. Hii inawapa wachangaji macho yao wenyewe bila kumwaga majina. Ila na wao nani atawachagua? Mnaweza kugombana wiki nzima juu ya hilo. Na mtu wa tatu akivuja, mmerudi mwanzo. Wengine hupenda kumpa kazi hiyo mtu wa nje kabisa, mhasibu wa kanisani au wa msikitini, asiyekopa wala kuchanga. Ni jambo la kufikiria.

Unaweza kuiandikia moja kwa moja grupu. Utakuwa umewatendea haki wachangaji, na hutakuwa na siri ya mtu. Lakini utakuwa umemnyang'anya Dada Z nafasi ya kujieleza, na ukikosea tarakimu moja utakuwa wewe ndiye mwenye kesi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo, na mwenye hasira anaweza kuitumia dhidi yako. Neno "wizi" usiliandike. Kinachojulikana ni kwamba 640,000 hazina risiti. Nauli ya basi na wali wa stendi mara nyingi havina risiti, na wezi nao mara nyingi hawana risiti, na kwa karatasi tuliyo nayo hatuwezi kujua ni lipi kati ya hayo. Wale waliosafiri wapo, wanaweza kuulizwa walipewa ngapi. Kwa tarehe na nauli za kawaida, sehemu kubwa ya fumbo hilo inaweza kufumbuliwa jioni moja.

Unaweza pia kutoka. Ukajiondoa uadmini, ukarudi kuwa mwanachama au ukapumzika kabisa. Hakuna atakayekulaumu ambaye ana haki ya kukulaumu. Umekesha na watu kwa voisi huku una duka la mtu asubuhi na mtoto nyumbani. Hofu yangu ni moja, kwamba ukitoka na ile taarifa kwenye simu yako, usingizi hautarudi, kwa sababu utakuwa umeacha kazi ukabaki na siri.

Polisi sikushauri wala sikukatazi. Kundi lenu, kama nilivyoelewa, halijasajiliwa popote, na lilichangisha hadharani. Kabla ya yeyote kupeleka jambo kituoni, wakili yule mliyemlipa awaambie maana yake kwenu nyote, si kwa Dada Z peke yake. Mlimlipa milioni mbili, muulizeni. Na muulizeni pia malalamiko yamefikia wapi, maana katika barua yako yote, ugomvi umeeleza, hela umeeleza, lakini kazi yenyewe sijui imefika wapi. Yamewasilishwa Tume au bado? Watu wengi wakipewa jibu la swali hilo hupungua joto juu ya mengine.

Unaogopa kwamba kundi likivunjika kampuni zitashangilia. Labda. Ila tafakari kilichowafanya mshinde hadi sasa. Benki Kuu haikutoa orodha ile kwa kuhesabu magrupu ya WhatsApp. Malalamiko yanayofanya kazi ni ya mtu mmoja mmoja, yenye tarehe, skrinishoti na jina la aplikesheni. Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 za huko kwa kutumia majina na namba za watu kutuma vitisho, na ilitokana na watu waliolalamika wakiwa na ushahidi mkononi. Ushahidi wenu haufi kwa sababu mmegawanyika magrupu mawili. Unaweza kufa kwa njia nyingine, kama nusu uko kwenye simu ya Dada Z na nusu kwenye simu ya Kaka W na hawaongei. Kwa hiyo hata kama hamtapatana kamwe juu ya hela, kuna jambo moja dogo ambalo pande zote mbili zinaweza kulikubali kesho: kila mwathirika ahifadhi jalada lake mwenyewe, na kila mwenye nakala ya mwenzake aifute au aikabidhi. Kuwa makundi mawili yanayopeleka malalamiko mahali pamoja si msiba. Mimi ningehofia zaidi kundi moja lililobaki pamoja kwa sababu hakuna anayethubutu kuuliza.

Kaka W alikuandikia kwamba una roho safi. Ni maneno mazuri, na ni maneno ya kumvuta mtu pia. Huna deni la kumjibu leo. Ukitaka kumjibu, unaweza kumwambia kwamba hesabu unataka zitoke na unalishughulikia, na kwamba ile orodha ya majina aiondoe sasa hivi, iwe hesabu zimetoka au hazijatoka. Atakavyolipokea hilo la pili, utamfahamu zaidi kuliko kwa voisi zake zote.

Mwandishi wa habari anafanya kazi yake, na ipo siku habari yenu itahitaji kalamu yake. Ukiona vema mwambie kwamba kwa sasa huzungumzi, usimpe "siri kidogo" ya kumtuliza. Akiwa na nia ya kusaidia, mpe kisa chako wewe na aplikesheni iliyokudhalilisha, kwa sharti la kutotajwa jina. Hicho ni chako na hakuna wa kukuuliza kwa nini umekitoa.

Jambo la mwisho, hukuniuliza ila nimeliona. Umesema mume anafanya kazi mbali, na sijasoma popote kwamba anajua haya, si mkopo, si meseji za kwa mama yake, si grupu. Labda anajua na hukuona haja ya kuandika. Kama hajui, fikiria kama yeye angeweza kuwa mtu wa kwanza wa kumwambia, kabla ya Dada Z, kabla ya grupu. Wewe ndiye unayejua anavyopokea mambo, na sitakusukuma. Niandikie tena ukishaongea na yeyote kati ya hawa, hata kama ni kunieleza kwamba ulifanya tofauti kabisa na nilivyowaza.

Mama yako wa safu hii